Injini ya 6BT yenye pampu ndefu, baada ya kilomita 61,000: soma kibao, mwaka uache

Konrodi (mkono wa pistoni) ya silinda ya tano ilitoka kwenye lori langu nikiwa na mzigo kamili, ikatoboa bloku ubavuni tundu ambalo ngumi yangu ilipita. Injini ilikuwa Cummins 6BT ya 1992, lita 5.9, ile yenye pampu ndogo ya dizeli ya Bosch aina ya VE. Bloku ikishatoboka hivyo hakuna cha kuchomelea. Ilibidi nitafute injini nyingine, na kwa jinsi nilivyokuwa nasikia, 6BT zimejaa kila mahali na zote ni moja.

Leo lori linatembea na 6BT ya 1996 yenye P7100, pampu ndefu ya dizeli ya Bosch. Ni miezi ishirini sasa na kilomita 61,000. Nimeridhika nayo kiasi kwamba kama ningeanza upya kesho, ningeifunga hiyo hiyo. Lakini karibu ninunue injini nyingine mbili ambazo kwa jina zilikuwa “zile zile”, na moja kati ya hizo isingeingia kabisa bila kukata lori vipande. Ndiyo maana naandika kwa urefu.

Muuzaji wa mtumba alikuwa na injini tatu zimelazwa juu ya matairi, zimefunikwa turubai. Akalivuta turubai, akaniambia, “Kaka, zote hizi ni tano nukta tisa. Chagua jicho lako linapopenda, funga, tembea.” Sidhani kama alitaka kunidanganya. Ukipima tundu la silinda utapata milimita 102 kwa zote, na mwendo wa pistoni milimita 120 kwa zote. Mpangilio wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4 kwa zote. Kwa mtu anayeuza vyuma, hiyo ni injini moja.

Fundi wangu hakujibu. Aliinama ubavuni mwa ya kwanza, akatema mate kwenye kitambaa, akaanza kusugua kibao.

Kibao hicho kimepigwa kwenye hausingi ya gia za taimingi, mbele. Kina namba ya injini, na kina herufi tatu ambazo wengi wetu tunazipita: CPL, na namba mbele yake. Hiyo namba ndiyo inayosema kiwandani iliwekewa pistoni gani, kamshafti gani, turbo gani na pampu iliyopimwa vipi. Injini mbili za mwaka mmoja, moja ya pikapu na moja ya trekta, zinaweza kuwa na CPL tofauti na pistoni zisizolingana. Na injini mbili za miaka tofauti zinaweza kuwa na CPL moja, zikawa ndugu wa tumbo moja. Mwaka kwenye kadi ya gari unakwambia gari lilisajiliwa lini. Kibao kinakwambia ndani kuna nini. Ukienda kununua spea, nenda na namba ya kibao, usiende na mwaka.

Injini ya kwanza aliyoisugua ilikuwa ya 2000. Ungeitambua hata bila kibao: juu ina kava moja refu lililofunika valvu zote, wakati 6BT za zamani zina vikava sita vidogo, kila silinda na chake. Hii ni ISB ya Cummins ya valvu 24, iliyoingia kwenye pikapu ya Dodge Ram katikati ya 1998. (Nisimamie hapa kidogo, kwa sababu nimeona watu wakigombana: “ishirini na nne” ya hapa ni valvu, nne kwa kila silinda. Volti ni habari nyingine kabisa, nami volti zilinigharimu, nitafika huko.)

Kwenye ISB ya kwanza pampu ni Bosch VP44, na ina kompyuta yake mgongoni. Inapozwa na kulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani, kwa hiyo pampu ndogo ya umeme inayoisukumia dizeli ikilegea, VP44 inafanya kazi kavu na inakufa. Mafundi wa injini hizi wanalijua hilo kote zilikofika. Kitu cha pili wanachokiangalia ni namba 53 iliyovimba kwenye chuma cha bloku. Bloku nyingi za kundi hilo zilionekana kupasuka kwenye njia ya maji. Fundi alipapasa ubavu kwa vidole, akakuta 53, akanyanyuka bila neno.

Hata isingekuwa na 53 nisingeichukua. Lori langu halina waya hata mmoja wa injini ukiacha stata, alteneta, geji na swichi ya kuzima. ISB inataka kompyuta, sensa, na pedali ya mafuta inayoongea kwa umeme. Unaweza kuifunga pampu ya P7100 juu ya injini ya valvu 24, wapo wanaofanya hivyo na zinavuta sana, ila inabidi hausingi ya gia na kava lake la mbele vitoke kwenye injini ya valvu 12, na mabomba ya dizeli yatengenezwe upya. Ni kazi ya mtu mwenye muda. Mimi nilikuwa na mzigo unaosubiri.

Injini ya pili ndiyo ingenimaliza. Ilikuwa safi, haina mvujo, imetoka kwenye lori la Ulaya, DAF LF ya mwanzo wa miaka ya 2000. Nayo lita 5.9, nayo 102 kwa 120, nayo valvu 24, nayo imetengenezwa na Cummins hata kama lori ni DAF. Nilikuwa nimeshaipenda. Fundi akanivuta hadi nyuma, upande wa flaiwili, akanionyesha gia za taimingi ziko huko. Huko nyuma! Kwenye 6BT na kwenye ISB ya Marekani gia hizo ziko mbele, chini ya kava unaloliona ukifungua boneti. Mwaka 1996 Cummins, Iveco na New Holland waliungana kutengeneza familia mpya ya injini kwa ajili ya soko la Ulaya, ndipo ikazaliwa ISBe, na gia zikahamishiwa nyuma. Kwa hiyo kompresa ya upepo, pampu ya dizeli, hausingi ya flaiwili, karibu kila kinachoshika nje ya bloku kimehama au kimebadilika umbo. Ni injini nzuri katika lori lake. Ila kati yake na yangu ya 1992 hakuna cha kuazimana isipokuwa vipimo vya silinda, na vipimo havifungwi kwa bolti.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba “lita 5.9” ni kama jina la ukoo.

Ya tatu ilikuwa chafu kuliko zote. Vikava sita juu, pampu ndefu ubavuni yenye mabomba sita yamepangwa mstari kama vidole. Hiyo ndiyo P7100. Ile VE yangu ya zamani ni ya duara, fupi, mabomba yanatokea nyuma yake yakiwa yamekusanyika. Ndani ina plenja (pistoni ndogo ya kusukuma dizeli) moja inayogawa dizeli kwa silinda zote sita. P7100 ina plenja sita, kila silinda na yake, na inalainishwa kwa oili ya injini. Hilo la oili ndilo lililonivuta. VE inajilainisha kwa dizeli, ukiweka dizeli chafu au kavu inalia siku hiyo hiyo. P7100 nayo haipendi uchafu, lakini shafti yake na beringi zake zinaogelea kwenye oili ninayoibadilisha mwenyewe.

Kwenye Dodge Ram, injini ya VE ya 1989 ilitoa nguvu za farasi 160. Ya P7100, kufikia 1996 kwa gari la gia za mkono, ilifika 215. Ya VP44 ilifika 245, na ile ya komon reli (bomba moja la dizeli yenye shinikizo linalolisha nozeli zote) iliyokuja baadaye ilifika 325 mwaka 2004. Krankshafti ni ya milimita 120 tangu mwanzo hadi hapo. Nguvu zote hizo zilizoongezeka zilitoka juu: pampu, nozeli, turbo, silinda hedi, pistoni. Ndiyo maana sehemu za chini zinaazimana kwa ukarimu na sehemu za juu hazitaki.

Nieleze kazi ilivyokwenda, kwa sababu ndani yake ndiko utakapoona kipi kinahama na kipi kinagoma.

Hausingi ya flaiwili: ya lori langu ni SAE namba 2 (kipimo cha ukubwa wa hausingi), ya injini niliyonunua ilikuwa namba 3. Tuliifungua ile, tukafunga yangu. Uso wa nyuma wa bloku ni ule ule, na krankshafti inashika flaiwili kwa bolti nane kwa mpangilio ule ule, kwa hiyo flaiwili yangu, klachi yangu na stata yangu vilirudi mahali pake. Baada ya kuifunga fundi aliweka saa ya kupimia kwenye krankshafti, akaizungusha polepole kuona kama hausingi imekaa katikati. Msiruke hatua hiyo. Hausingi ikikaa pembeni kidogo tu, shafti ya giaboksi inakula beringi yake na utatafuta kosa kwenye giaboksi miezi sita.

Sampu yangu, bakuli la oili chini ya injini, ina kina upande wa nyuma, ya ile nyingine kilikuwa mbele, ingegonga ekseli. Tukahamisha sampu, na bomba la kunyonya oili likahama nayo. Mtu akihamisha sampu akaacha bomba, amejitengenezea injini isiyopata oili. Mikono ya kushikilia injini kwenye chesisi ilihama, pampu ya maji ilihama, kuli ya oili ilihama, hausingi ya themostati pia. Hata fito za valvu na vikava vya juu vinalingana kati ya hizi mbili za valvu 12. Ukiwa na 4BT ya silinda nne, pistoni na konrodi zake ni ndugu wa hizi. Ni injini ile ile iliyokatwa silinda mbili, mradi CPL zikubaliane kwenye pistoni.

Nozeli ziligoma. Nilikuwa nimeweka nozeli sita mpya kwenye injini ya zamani wiki tatu kabla haijafa, na nilihesabu kwamba angalau hizo nitaziokoa. Za injini ya VE ncha yake ni milimita 9. Za injini ya P7100 ni milimita 7. Silinda hedi zote mbili zina valvu 12, zote zinakaa juu ya bloku, ukizitazama kutoka mbali ni pacha, lakini tundu la nozeli limechimbwa tofauti. Nozeli zangu mpya bado ziko kwenye kopo la maziwa zimelowekwa dizeli, na inaniuma kila nikifungua kabati.

Kompresa ya upepo: hapa tulikuwa na bahati. Injini ya tatu ilitoka kwenye lori, si pikapu. Injini ya pikapu mahali hapo ina pampu ya vakyumu ya breki, haina kompresa, na lori la breki za upepo halisogei bila kompresa. Kama utachukua injini ya pikapu kwa ajili ya lori, panga mapema utapata wapi kompresa, na bomba zake za oili na maji. Na kama utaonyeshwa injini ya jenereta, angalia gavana ya pampu kwanza, yaani kidhibiti cha mzunguko wa injini. Jenereta inafanya kazi kwa mzunguko mmoja, 1,500 au 1,800 kwa dakika, na gavana yake imepangwa kuushikilia huo huo. Ukiifunga barabarani bila kuipeleka pampu ikapangwe upya, mguu wako na injini hamtaelewana.

Volti sasa. Lori langu ni volti 24. Injini niliyonunua ilitoka kwenye lori la volti 12. Stata na alteneta nilihamisha zangu bila kufikiri, maana ni vitu vikubwa unaviona. Nilichosahau ni solenoidi ya kuzimia dizeli, ile inayovuta wenzo wa P7100 juu ili injini iwake. Kwenye VE solenoidi imejificha ndani ya pampu. Kwenye P7100 iko nje, ubavuni. Niliwasha, ikavuta, injini ikawaka vizuri, tukapeana mikono. Baada ya dakika chache tukasikia harufu, kisha injini ikazima yenyewe. Solenoidi ilikuwa imeungua. Tulipoweka ya volti 24 tulijifunza la pili: ndani ina koili mbili, moja ya kuvuta ambayo inataka umeme kwa muda mfupi sana wakati wa kuwasha, na moja ndogo ya kushikilia. Ukiziunganisha zote kwenye swichi moja, ile ya kuvuta itaungua tu, hata volti ziwe sahihi. Weka relei.

Kabla ya kufunga kava la mbele, fundi alifanya kazi moja ndogo ambayo naiona ya thamani kuliko zote. Kwenye injini hizi za valvu 12 kuna kipini cha chuma kinachopanga hausingi ya gia kwenye bloku. Hakina kitu kinachokizuia kwa mbele. Kwa mtikisiko wa miaka kinaweza kutoka polepole na kudondokea kwenye gia za taimingi, na kikiingia hapo kinavunja hausingi na kuharibu taimingi. Wanaozijua injini hizi wanakiita kipini muuaji. Dawa yake ni kibati kidogo kinachofungwa kwa bolti ya jirani kikifunika mdomo wa kipini. Chetu kilikuwa kimeshatokeza mbele kiasi cha unene wa kucha. Nilikishika kwa kidole changu. Ukinunua 6BT yoyote ya miaka hiyo, VE au P7100, fungua kava uone.

Jinsi inavyotembea: vilima nilivyokuwa napanda kwa gia ya tatu na mzigo, sasa napanda kwa ya nne. Turbo ni Holset HX35, ya zamani ilikuwa H1C. Inaamka mapema zaidi, kwa sikio langu na kwa mguu wangu. Joto la maji halijapanda hata siku moja. Oili haipungui kati ya sevisi. Nimerekebisha nafasi za valvu mara mbili, milimita 0.25 za kuingiza na 0.51 za kutolea, na mara ya pili karibu zote zilikuwa pale pale nilipoziacha.

Nisiyoyapenda yapo. Kelele ya P7100 ni kubwa kuliko ya VE, dereva mwenzangu analalamika na ana haki. Wenzo wa mafuta hauko mahali pale pale, kwa hiyo kebo ilitaka kishikio kipya na tulikitengeneza mara mbili hadi kikakaa sawa. Bomba la kutolea moshi nalo lilibidi likatwe na kuungwa upya kufuata kiwiko cha turbo. Gia ya pampu inakaa kwenye shafti iliyochongoka, haina kabari ya kuizuia. Nyuso hizo mbili lazima zifutwe hadi zikauke kabisa kabla ya kukaza nati, la sivyo gia inateleza na taimingi inahama nawe hujui kwa nini gari limepoteza nguvu. Na pampu ikitaka kupimwa, inahitaji benchi na mtu anayeijua. Klachi yangu ya zamani ilianza kuteleza kufikia kilomita 20,000, maana ilikuwa imezoea injini dhaifu. Nimeshaweka kubwa zaidi.

Rafiki yangu mmoja aliniuliza kama asifunge ile ya lita 6.7 iliyokuja 2007, kwa kuwa ni ya familia ile ile ya B ya Cummins. Silinda yake ni milimita 107 na mwendo wa pistoni 124, na inategemea kompyuta kuanzia kuwaka hadi moshi. Kama gari lake lilizaliwa nayo, aitunze. Kwa lori kama langu sikumshauri.

Yeye ana lori la 1993 lenye VE ambayo bado inapumua vizuri, na nikamwambia aiache hiyo hiyo, abadilishe filta za dizeli kwa wakati na afunge kibati kwenye kipini. Nozeli zangu za milimita 9 zitamfaa. Jumamosi hii anakuja kuzichukua, na nimemwambia aje na namba ya kibao chake.